Panya wawili leo, 14 mwezi ujao

Ukisema unafuga panya, marafiki watakucheka na mamako atatafuta fagio. Lakini panya wa kufugwa si yule anayetoboa mfuko wa unga jikoni. Huyu amezaliwa mikononi mwa watu, na akikuzoea atakulalia begani ukitazama filamu.

Balaa iko kwenye hesabu. Panya anaweza kuanza kuzaa akiwa na wiki 5 tu. Mimba hukaa siku 21 hadi 23, na mara nyingi jike huzaa watoto 6 hadi 12. Tena anaweza kushika mimba nyingine ndani ya siku moja baada ya kujifungua. Haya, piga hesabu hiyo ndani ya bedsita yako!

Kwa hivyo chukua wawili wa jinsia moja. Usichukue mmoja, kwani panya ni wa kundi na upweke humdhoofisha. Kama kuna mtu amechoka na wake, mchukue huyo kabla ya kununua mwingine.

Kizimba kiwe kipana, chenye hewa, na kisafishwe mara kwa mara. Mapafu ya panya ni mepesi kuugua, hivyo tandika karatasi badala ya maranda ya mwerezi.

Ataishi miaka 2 au 3 hivi. Ukimchoka, usimwachilie mtaroni. Hajui kujitafutia, na paka wa mtaa hawajui kwamba ana jina.