Tamasha Hudumu Siku Chache, Mteja Hudumu Mwaka Mzima

Kila mwaka, Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi wa Novemba, huleta pamoja mbio za punda, mashindano ya majahazi, kuogelea, bao na upakaji hina. Sherehe za Maulidi nazo, katika Mfungo Sita, hujaza wageni katika mitaa inayozunguka Msikiti wa Riyadha. Kwa siku hizo chache, mji ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2001 hupata wapita njia wengi kuliko siku za kawaida.

Kwa mfanyabiashara mdogo, umati huo ni nafasi ya kujulikana. Hata hivyo, umati peke yake si faida. Wapo wanaouza sana kwa siku tatu, na mwisho wa wiki wakapata kwamba gharama zimemeza mapato.

Hatua ya kwanza ni hesabu. Chukua mfano wa muuza sharubati anayetaka kuweka meza karibu na uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome. Matunda na sukari Sh3,500, msaidizi Sh1,000, vikombe Sh1,000 na usafiri Sh500. Jumla ni Sh6,000. Akiuza kikombe kwa Sh50, lazima auze vikombe 120 ndipo arudishe pesa zake. Faida huanza na kikombe cha 121. Hesabu hiyo ikifanywa mapema, mtu hujua kama meza inamfaa au ni afadhali aungane na jirani wagawane gharama.

Meza si njia ya pekee ya kushiriki. Fundi wa kushona anaweza kutoa fulana za washiriki wa mashindano ya mtaa zikiwa na jina la duka lake. Mwenye duka la vyakula anaweza kutoa maji ya kunywa kwa waendesha punda. Mshonaji wa kofia anaweza kukaa barazani akishona huku watu wakitazama, kwa kuwa mnunuzi aliyeona kazi ya mkono huelewa kwa nini kofia moja huchukua muda mrefu na bei yake ni kubwa.

Shughuli zote hazifanani. Maulidi ni ibada kabla ya kuwa soko. Muziki wa vipaza sauti na kelele za kunadi bidhaa hazina nafasi hapo, ilhali maji, chakula cha heshima na malazi safi kwa wageni hukumbukwa. Tena, tarehe yake hufuata mwezi mwandamo na huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo mpango wa mwaka jana hautumiki bila kurekebishwa.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kusimamia biashara, masoko, leseni na utalii wa ndani. Kabla ya kuweka meza, mfanyabiashara aulize ofisi ya biashara ya kaunti kuhusu leseni na mahali panaporuhusiwa. Anayeshika chakula anahitaji cheti cha uchunguzi wa afya, ambacho hufanywa upya kila miezi sita. Anayeuza kwa kilo atumie mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na sherehe haiondoi marufuku hiyo.

Wengi hupenda kuandika nambari za simu za wateja ili wawatumie matangazo baadaye. Ni jambo zuri, mradi mteja amekubali mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kutumia nambari iliyotolewa kwa malipo tu kumtumia mtu matangazo asiyoyaomba.

Jambo la mwisho, na pengine zito zaidi, ni bei. Kupandisha bei ya chupa ya maji maradufu kwa sababu mji umejaa huleta shilingi za haraka. Lakini katika umati huo wamo majirani, walimu, mabaharia na akina mama wa mtaa. Mgeni atapanda mashua kurudi Mokowe. Wao watabaki, na watakumbuka nani aliwauzia kwa bei ya haki.

Kwa hiyo, mauzo ya siku ya tamasha yasiwe kipimo cha pekee. Mfanyabiashara awaulize wateja wapya, mwezi mmoja baadaye, walilijuaje duka lake, na aandike majibu yao daftarini. Majibu hayo ndiyo yatakayomwonyesha kama inafaa kurudi mwaka ujao.