Bao la Baraza na Bao la Nyumbani

Ndugu msomaji, je, mwanao amekwisha kukukimbia katika mchezo wa bao? Kama ndivyo, usiharakishe kumwita mvivu wa kufikiri. Chunguza kwanza ni bao gani ulilomwekea.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, wafanyakazi wengi waliotoka Dar es Salaam na kwingineko wamekuwa wakitafuta jambo la kuwakusanya jioni pamoja na jamaa zao. Bao lafaa sana kwa kazi hiyo. Lakini yapo mabao mawili, nayo hayana shabaha moja.

La kwanza ni bao la kiswahili, ambalo ndilo la mashindano. Lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuumeni kwa nyumba hiyo. Kete 22 zilizosalia hubaki mkononi, akazinamua moja moja, ndipo mchezo uingie katika mtaji. Nyumba ina sheria zake, na asiyeona mbali hupoteza kete nyingi kwa mkupuo mmoja. Mafundi hujifunza kwa miaka.

La pili ni bao la kujifunza. Ubao ni ule ule na kete ni zile zile, ila kila shimo huwekewa kete mbili tangu mwanzo. Hakuna nyumba wala kunamua. Hapa nako, anayemaliza kete za safu ya mbele ya mwenzake ndiye mshindi. Mtoto aliyekwisha kujua kuhesabu aweza kulishika upesi.

Sasa tazama kosa letu. Baba hutoka barazani na moto wa ushindani, akamshinda mwanawe mara tano mfululizo, tena kwa kejeli. Siku ya sita mtoto haji. Baba hakupoteza mchezo tu. Amepoteza ile saa ambayo mtoto angemsimulia yaliyompata shuleni.

Hatusemi kwamba ushindani ni mbaya. Anayetaka ufundi na aende barazani, kwa siku alizokubaliana na mwenziwe, maana bao la kiswahili hula jioni nyingi. Nyumbani anzeni na la kujifunza. Mtoto akianza kukushinda, au akiuliza nyumba ni nini, wakati umefika wa kumfundisha lile kubwa. Usimzuie.

Wala ukosefu wa ubao usiwe kisingizio. Chimbeni mashimo 32 uani. Mbegu za ubuyu, ambazo Dodoma haina uhaba nazo, zatosha kuwa kete.

Basi leo jioni, kabla hujaketi, jiulize: nimekuja hapa kushinda, au kukaa na watu wangu? Jibu lako ndilo litakalokuchagulia bao.