Watafiti wa seli shina waandaliwe kuanzia Kidugala

Mkoa wa Njombe ndio unaoongoza Tanzania Bara kwa maambukizi ya VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta asilimia 12.7 ya wakazi wake wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi hivyo, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kijana anayesoma sayansi Kidugala, kituo cha kale cha Kilutheri kilicho kati ya Njombe na Makambako, ana sababu ya nyumbani kabisa ya kufuatilia habari za seli shina.

Seli shina za damu hukaa kwenye uloto, ndani ya mifupa, na humo ndimo chembe zote za damu zinamotoka. Mwaka 2007, Mmarekani Timothy Ray Brown, aliyeishi na VVU na kisha akaugua saratani ya damu, alipandikizwa mjini Berlin seli shina za mtu aliyezaliwa bila kipokezi cha CCR5, mlango ambao virusi vingi vya VVU hupitia kuingia kwenye seli. Akawa mtu wa kwanza duniani kutambuliwa kuwa amepona VVU. Alifariki mwaka 2020 kwa saratani iliyorudi, lakini VVU havikurudi.

Upandikizaji huo ni wa hatari mno kumfanyia mtu ambaye ARV zinamtosha. Ndiyo maana watafiti wanatafuta namna ya kurekebisha seli za mgonjwa mwenyewe. Kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, wamefanikiwa: mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya aina hiyo, iitwayo Casgevy. Nchini Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kwa bei hiyo, hakuna hospitali yetu itakayoweza kuwatibu.

Hatuanzii sifuri. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Lakini watoto hao huhitaji mtoaji anayelingana nao, na ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Wasiompata wanasubiri tiba nyingine, na tiba hiyo haitashuka bei bila watafiti wetu wenyewe kuifanyia kazi.

Mtafiti wa namna hiyo hupatikanaje? Tunaye wa mfano. Profesa Julie Makani alihitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994, akaenda Uingereza kwa masomo ya juu, na mwaka 2003 akapata ufadhili wa mafunzo ya utafiti wa miaka minne kutoka Wellcome Trust. Fedha zilitoka London, lakini utafiti ulifanyika Muhimbili. Kazi hiyo ilizaa mpango uliofuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu, na mwaka 2011 ikampatia tuzo ya Royal Society Pfizer.

Anayetamani njia hiyo asome masharti mapema. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa shahada ya uzamivu unataka uraia wa nchi zinazohusika, ufaulu mzuri wa shahada ya kwanza au ya uzamili, na uthibitisho kwamba mwombaji asingeweza kujilipia masomo Uingereza. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, katika mpango wake wa kusomea Afrika, huangalia pia kama shahada ya mwisho imevuka miaka sita. Sharti hilo huwaumiza waliokaa mtaani muda mrefu wakisubiri ajira. Mara nyingi pia utatakiwa kuwa na msimamizi aliyekukubali na andiko la utafiti linaloeleweka.

Kisha uliza fedha zinalipa nini. Ada, tiketi na posho ya kujikimu havitoshi kwa fani hii. Seli shina hutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na vitendanishi vyake ni ghali. Ufadhili usiogusa maabara humwacha mtafiti na posho mkononi bila kitu cha kupima.

Ngazi ya kwanza iko karibu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, ufadhili wa serikali uitwao Samia Scholarship huwalipia chuo wahitimu wa kidato cha sita waliofaulu sana sayansi, kwa sharti la kudumisha GPA isiyopungua 3.8. Walimu wa Njombe na Wanging'ombe wawaeleze wanafunzi hayo tangu kidato cha tano, maana GPA iliyoporomoka mwaka wa kwanza huweza kufunga hata mlango wa uzamivu.

Pengo liko juu ya ngazi hiyo. Serikali, kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), itenge fungu la kudumu la kufundisha watafiti wa seli shina: lilipe posho na vitendanishi kwa pamoja, lisihesabu miaka ya kukosa ajira, na liagize kazi ifanyike Muhimbili au Dodoma. Mikoa yenye mzigo mkubwa wa magonjwa haya, Njombe ikiwemo, itengewe nafasi zake.