Kuchoma Masalia ya Pamba na Sheria ya Moto wa Nje

Kila mwaka, mavuno ya pamba yanapomalizika katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, mkulima hujikuta kati ya amri mbili. Kanuni za zao zinamtaka ang'oe miti yote ya pamba na kuiteketeza kabla ya siku iliyowekwa. Wakati huohuo Sheria ya Misitu, Na. 14 ya mwaka 2002, inamkataza kuchoma majani au mimea nje ya eneo la makazi yake pasipo kibali. Wapo wanachama wanaodhani kwamba amri ya kwanza inaifuta ya pili. Haiifuti. Mkulima anapaswa kuzitii zote mbili, na jambo hilo lawezekana endapo chama kitajipanga mapema.

Yafaa kwanza ieleweke ni kwa nini miti ya pamba huchomwa. Funza wa vitumba mwenye rangi ya waridi hutegemea pamba kuliko mmea mwingine wowote. Msimu unapokwisha, funza huyo hujificha ndani ya mbegu au ndani ya kitumba kilichokauka, akalala humo kwa miezi kadhaa, kisha hutoka akiwa nondo wakati pamba mpya inapoanza kuzaa. Miti ikiachwa shambani, au visiki vikichipua maotea kwa mvua za kwanza, funza hupata daraja la kumvusha kutoka msimu hadi msimu. Ndiyo sababu pawepo kipindi ambacho hakuna pamba hai wala masalia yake mahali popote. Katika ukanda wa magharibi siku ya mwisho iliyozoeleka kwa miaka mingi ni tarehe 15 Septemba, lakini katibu hana budi kuliangalia tangazo la Bodi ya Pamba la mwaka unaohusika. Yule funza mwingine anayekula pia mahindi, nyanya na dengu haondolewi kwa njia hii peke yake, maana ana chakula kingi nje ya pamba.

Hapa kuna tatizo dogo ambalo halisemwi mara kwa mara. Kaya nyingi hubeba miti ya pamba nyumbani kuwa kuni, na katika vijiji visivyo na miti jambo hilo linaeleweka. Lakini rundo la miti lenye vitumba vikavu nyuma ya jiko ni sawa na shamba lisilong'olewa. Anayehitaji kuni aviondoe vitumba vyote na kuviteketeza kwanza, na miti yenyewe iwe imekwisha kutumika kabla ya siku ya mwisho.

Shida iko kwenye majira. Maofisa misitu, inapolazimu kuchoma nyasi, hupendelea kuchoma mapema, wakati ardhi ingali na unyevu na moto unatembea polepole. Pamba haitoi nafasi hiyo, kwani wakati huo bado inavunwa. Mkulima huwasha moto wake mwezi Agosti au Septemba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, upepo wa mchana ukiwa mkali, na visulisuli vikipita mashambani na kuinua majani yanayowaka. Moto unaotoroka wakati huo hauzimwi na mtu mmoja mwenye tawi bichi.

Na kinachoweza kuungua si kidogo. Katika nchi ya Wasukuma zipo ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa mvua zinapoanza ili mifugo iyakute wakati wa kiangazi. Nyingi zilikuwa zimetoweka mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, nao ukaendelea hadi 2004. Watu binafsi na vijiji walizirudisha kwa kufunga maeneo na kuiacha miti ichipue yenyewe, hata mamia ya maelfu ya hekta yakafunikwa tena. Ngitili ikiungua Septemba, nyasi zilizotunzwa tangu masika huwa majivu kwa saa chache, na ng'ombe hubaki bila chakula hadi mvua zinyeshe. Mkulima wa pamba aghalabu ndiye huyohuyo mwenye ng'ombe.

Kuhusu kibali, mlango wa kuanzia kijijini ni ofisi ya Mtendaji wa Kijiji. Huko mwombaji ataelezwa ni nani mwenye mamlaka ya kukitoa mahali pake, hasa pale ambapo kuna kamati ya msitu wa kijiji au shamba linapakana na msitu wa hifadhi. Aseme shamba liko wapi, atachoma nini na siku gani. Majirani ambao ardhi yao inapakana na shamba hilo wapewe taarifa kabla, ili nao waondoe mifugo na kuandaa kingo zao. Chama kinaweza kuwapunguzia wanachama usumbufu: katibu akusanye maombi ya kila kitongoji, ayapeleke kwa pamoja, na siku za kuchoma zipangwe kwa zamu. Mashamba kumi yakichomwa asubuhi moja kwa watu wa kitongoji kimoja kusaidiana, ulinzi huwa bora kuliko mashamba kumi yakichomwa kwa siri katika siku kumi.

Kijiji kinaweza pia kutunga sheria ndogo juu ya moto kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982. Kinachosahaulika ni kwamba azimio la mkutano wa kijiji halitoshi. Sheria ndogo hupata nguvu baada ya kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya, na faini inayotozwa kabla ya hapo inaweza kupingwa. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, limesaidia sana kuzilinda ngitili kwa maamuzi yake, lakini adhabu zake hazichukui nafasi ya mahakama.

Kazi yenyewe haina siri kubwa. Miti ing'olewe na mizizi yake, ikusanywe katikati ya shamba kwa marundo madogo, mbali na mpaka. Ukingo wa shamba ulimwe kwa jembe mpaka udongo uonekane. Moto uwashwe asubuhi kabla upepo haujaamka, rundo moja baada ya jingine, watu wazima wakiwapo na maji, majembe na matawi mabichi. Asiondoke mtu mpaka majivu yamechanganywa na udongo na kuguswa kwa mkono. Kisiki kikavu chaweza kushika moto chini kwa chini na kuuamsha siku ya pili, kwa hiyo shamba likaguliwe tena kesho yake.

Moto wa kambi ya wachungaji, warina asali na wachoma mkaa unahitaji uangalifu uleule: uwashwe penye udongo mtupu, na uzimwe kabla ya kuhama. Ghala la chama nalo lisisahauliwe. Pamba inaweza kufuka ndani kwa ndani muda mrefu pasipo kuonyesha mwali, hivyo pasichomwe chochote karibu nalo maadamu kuna pamba au mbegu ndani.

Mwenye kusababisha hasara kwa uzembe anaweza kudaiwa fidia hata kama alikuwa na kibali. Kwa yule anayechoma kwa makusudi mazao au miti ya mwenzake, Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo kinachoweza kufikia miaka 14.

Katibu afungue daftari lenye jina la mwanachama, shamba, tarehe ya kibali, siku iliyochomwa na siku ya ukaguzi. Mwanachama aliyekwishang'oa lakini hajapata kibali, zikiwa zimebaki siku chache, asiwashe moto. Katibu ampeleke mara moja kwa Ofisa Ugani na Mtendaji, akiwa na daftari hilo mkononi.