Nazi badala ya siagi: Badilisha, usiongeze!

Pita kwenye rafu ya mafuta ya kula katika supamaketi yoyote ya mjini siku hizi. Pembeni ya alizeti na zeituni utakuta vichupa vya kioo vyenye picha ya nazi iliyopasuliwa, na bei ambayo inakufanya uangalie mara mbili. Ni mafuta yale yale ambayo bibi zetu wa Tanga, Mafia, Unguja na Mombasa waliyapika kutokana na tui, wakapaka nywele na ngozi, na wala hawakuona kama ni jambo la kuandikwa kwenye gazeti. Leo yamevaa lebo, yanaitwa "mafuta ya afya", na kila mwenye oveni anataka kuyaweka mahali pa siagi.

Swali ni je, yanafaa kweli? Jibu fupi ni ndiyo, kwa mapishi mengi yanafaa sana. Lakini kuna wanaomwaga mafuta ya nazi kwenye kila sufuria wakidhani wanajitibu, na kuna waliooka keki moja ikatoka inachuruzika mafuta, wakaapa hawarudii. Wote wamekosa jambo moja dogo: kujua siagi ilikuwa inafanya kazi gani pale, kabla ya kuifukuza.

Tusichanganye majina

Tuanze hapa, maana ndipo wengi wanapojikwaa.

Mafuta ya nazi halisi ni yale yasiyosafishwa, ambayo chupa nyingi huandikwa "virgin". Yana harufu na ladha ya nazi. Mafuta ya nazi yaliyosafishwa yameondolewa harufu hiyo, na yanavumilia moto mkali zaidi. Siagi ya nazi ni kitu kingine kabisa: ni nyama ya nazi iliyokaushwa na kusagwa yote, mpaka ikawa laini kama siagi ya karanga. Karibu theluthi mbili yake ni mafuta, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nyama yenyewe ya nazi, pamoja na nyuzinyuzi zake.

Na tahadhari moja ya dukani: si kila chupa yenye picha ya nazi ni ya kula. Mafuta mengi ya nazi yanayouzwa kwenye rafu za vipodozi yamechanganywa na manukato na vitu vingine kwa ajili ya nywele. Soma lebo. Kama haisemi ni ya kupikia, mwachie kichwa chako, usimpe tumbo.

Hesabu ya keki

Siagi ya kawaida si mafuta matupu. Katika kila gramu 100, takriban 80 ni mafuta, na nyingi ya zinazobaki ni maji. Mafuta ya nazi ni mafuta kwa asilimia 100. Kwa hiyo ukitoa gramu 200 za siagi na kuweka gramu 200 za mafuta ya nazi, umezidisha mafuta na umepunguza maji. Ndiyo maana keki inakuwa nzito na inaacha mafuta kwenye vidole.

Fanya hivi: mahali pa gramu 200 za siagi, weka gramu 160 za mafuta ya nazi na vijiko vikubwa viwili na nusu vya maziwa au maji. Kama ulizoea majarini au siagi yenye chumvi, ongeza chumvi kidogo ya kubana kwa vidole, la sivyo keki itakuwa na utamu uliopooza.

Samli ni habari nyingine. Yenyewe maji yake yalishatoka wakati wa kuiyeyusha, kwa hiyo unaibadilisha kijiko kwa kijiko. Kama pilau lako linaanza na vijiko vitatu vya samli, weka vitatu vya mafuta ya nazi, basi. Mapishi yanayotumia mafuta ya kawaida ya maji nayo ni hivyo hivyo.

Keki ya Dar si keki ya Njombe

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 au 25. Namba hii ni ndogo lakini ina mambo. Januari jijini Dar es Salaam yanakuwa maji kutwa nzima. Njombe, Arusha au Nairobi utayakuta yameganda kama mshumaa, unayachimba kwa kijiko. Hayajaharibika, ndiyo tabia yake.

Sasa, keki inayoanza kwa kupiga siagi na sukari inataka mafuta yaliyo laini, siyo yaliyoyeyuka. Kule kupiga kunaingiza hewa, na hewa ndiyo inayoinua keki. Mafuta ya maji hayashiki hewa. Kwa hiyo mkazi wa Dar, weka bakuli lako la mafuta kwenye friji dakika 15 hivi, ukikoroga mara moja moja, mpaka yawe mazito kama losheni. Mkazi wa Njombe, yaweke karibu na jiko yalainike.

Halafu mayai na maziwa yatoke kwenye friji mapema. Ukimimina maziwa ya baridi juu ya mafuta ya nazi, yanaganda hapo hapo na kufanya vidonge vyeupe, na hutavipata hata upige na mashine.

Biskuti nazo zina lao. Mafuta yakiwa maji, biskuti zinatambaa kwenye trei na kuungana zote kuwa moja. Ukishakanda, weka donge kwenye friji nusu saa kabla ya kukata.

Chapati, maandazi na bisi

Kwenye chapati, mafuta ya nazi yanajitahidi. Yapake kati ya tabaka kabla ya kukunja, na chapati itachambuka vizuri ikiwa ya moto. Kasoro yake inaonekana kesho yake: penye baridi, mafuta yanaganda ndani na chapati inakuwa ngumu. Ipashe kidogo kabla ya kuila au kuifungasha kwenda nayo ofisini.

Maandazi ya Pwani yameshakuwa na nazi tangu zamani, kupitia tui linalokandiwa unga. Hapo huhitaji kuongeza mafuta ya nazi. Na tafadhali usiyakaange kwenye karai la mafuta halisi ya nazi: yanaanza kutoa moshi mapema, karibu nyuzi joto 177, na hela yako inaondoka na huo moshi. Kwa kukaanga kwa kuzamisha, alizeti iliyosafishwa inatosha kabisa.

Kama kuna mahali mafuta ya nazi hayana mpinzani, basi ni kwenye bisi. Majumba ya sinema ya Marekani yalitumia mafuta hayo kwa miaka mingi, na ndiyo siri ya ile harufu inayokufuata mpaka kitini. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kwa nusu kikombe cha mahindi, sufuria yenye mfuniko, moto wa wastani, tikisa. Filamu ya Ijumaa usiku mkiwa nyumbani imepata mwenzake.

Siagi ya nazi: tengenezeni wenyewe

Hii ni adimu madukani na bei yake inauma. Habari njema ni kwamba inahitaji kitu kimoja tu: vikombe vitatu au vinne vya nazi kavu iliyokunwa, isiyo na sukari. Tia kwenye blenda yenye nguvu na usage. Dakika za mwanzo utaona ungaunga tu na utakata tamaa. Usiache. Zima, kwangua pembeni, pumzisha mashine, saga tena. Inaweza kuchukua dakika 10 mpaka 15, kisha ghafla nazi inajisalimisha na kuanza kutiririka. Weka kwenye chupa kavu.

Msijaribu kutumia machicha. Tui likishakamuliwa limeondoka na mafuta mengi, na machicha yatazunguka mpaka mota iungue. Nazi mbichi iliyotoka kwenye mbuzi nayo haifai kabla ya kukaushwa, kwa sababu maji yake ni mengi.

Itumieni wapi? Kwenye mkate mahali pa siagi na jemu. Kwenye uji wa watoto, kijiko kimoja. Na hapa ndipo wanandoa wanaofika nyumbani saa mbili usiku watatushukuru: koroga kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya nazi kwenye vijiko vinne au vitano vya maji ya moto, una tui. Si laini kama lile la kukuna na kuchuja, lakini mchicha, kunde na maharage hayatalalamika.

Msiikaangie. Ile nyama ya nazi inashika chini na kuungua. Wala msiiweke kwenye keki kwa kipimo cha siagi, kwa kuwa nyuzinyuzi zake zinanyonya maji na keki inakauka.

Na moyo je?

Hapa tuwe wakweli, maana ndipo lebo zinapopiga chenga. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni mafuta ya aina ya kuganda, yale ambayo wataalamu wa moyo wanataka tuyapunguze. Kwenye siagi ni karibu nusu ya uzito wake. Kwenye alizeti ni takriban asilimia 11 tu.

Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa waraka mwaka 2017 kikishauri watu wasiyatumie mafuta ya nazi, kwa sababu yanapandisha LDL, ile lehemu inayoziba mishipa. Mwaka 2020 jarida la Circulation lilichapisha uchambuzi wa tafiti 16 uliolinganisha mafuta ya nazi na mafuta mengine ya mimea yasiyo ya kitropiki. Mafuta ya nazi yalipandisha LDL zaidi. Ni kweli yalipandisha na HDL, inayoitwa lehemu nzuri, na hapo ndipo wauzaji wanaposimama na kupiga makofi. Lakini nzuri kupanda hakufuti mbaya iliyopanda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya kuganda yasizidi asilimia 10 ya nishati unayokula kwa siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni kama gramu 22. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nazi kina gramu 11 hadi 12. Vijiko viwili, umemaliza posho ya siku, na nyama, maziwa na maandazi bado havijahesabiwa.

Turudi kwenye keki yetu. Gramu 160 za mafuta ya nazi zina kalori karibu sawa na gramu 200 za siagi, na mafuta ya kuganda yanazidi. Kwa hiyo ukibadilisha hujaigeuza keki kuwa dawa. Umeoka keki nyingine, tamu kwa namna yake. Kula kipande, siyo trei.

Ndiyo maana tunasema badilisha, usiongeze. Nazi ichukue kiti cha siagi, samli au majarini. Isichukue kiti cha alizeti kwenye mboga za kila siku. Na kama daktari ameshamwambia mmoja wenu kwamba lehemu iko juu, au kwenye ukoo kuna historia ya kiharusi na moyo, mwongozo wenu ni daktari, siyo chupa.

Mkiwa wawili jikoni

Kwa nini basi mtu ahangaike? Sababu zipo. Mwenye mzio wa protini ya maziwa anakosa keki kila sherehe, na nazi inamrudisha mezani. Wasiokula kitu chochote cha mnyama wanapata mafuta yanayoganda kama siagi. Na wapo wanaopenda tu ladha, ambayo ni sababu halali kabisa.

Ila ladha ndiyo inayoleta kesi. Unakuta bibie katokea Pangani, kwake chakula bila nazi ni cha mgonjwa. Bwana kakulia Moshi, harufu ya nazi kwenye mayai ya asubuhi inamkata hamu. Anakula nusu, anasema "nimeshiba, mke wangu", na kwenye kona ya ofisi ananunua chapati mayai. Jambo dogo, lakini ndoa nyingi zinachubuka kwa mambo madogo yaliyonyamaziwa mezani.

Dawa ni rahisi: wekeni chupa mbili. Mafuta halisi kwa vitu vinavyopendeza kunukia nazi, kama keki ya ndizi, bisi na wali. Yaliyosafishwa kwa chapati na vitu ambavyo hapendi vinukie. Na kabla ya kubadilisha chakula anachokipenda mwenzio, mwambie. Mshangao ni mzuri kwenye zawadi, siyo kwenye mayai.

Kata, bandika kwenye friji

- Siagi gramu 200 = mafuta ya nazi gramu 160 + vijiko vikubwa 2½ vya maziwa au maji + chumvi kidogo.
- Samli au mafuta ya maji: kijiko kwa kijiko.
- Keki ya kupiga na sukari: mafuta yawe laini, si maji, mayai na maziwa yasiwe ya baridi.
- Biskuti: donge nusu saa kwenye friji.
- Kukaanga kwa kuzamisha: alizeti iliyosafishwa.
- Siagi ya nazi: mkate, uji, tui la haraka. Siyo kikaangoni.
- Hifadhi: chupa kavu, kijiko kikavu. Maji yakiingia, mafuta yanaharibika.

Wikendi hii anzeni na kitu kimoja tu, tena kidogo. Keki ya ndizi mbili zilizoiva kupita kiasi, au sufuria moja ya bisi. Mmoja apime, mwingine akoroge. Ikiwa tamu, mmepata mapishi. Ikigoma, mmepata cha kuchekea. Kazi kwenu!