Nasingi Homu: Tukague Nini Kabla Chama Hakijatia Sahihi



Mwajiri anapokuja mezani na kusema kwamba wafanyakazi wake pamoja na watoto wao watatibiwa katika nasingi homu fulani ya mjini, naye atalipa gharama, wengi wetu hupiga makofi. Si vibaya kupiga makofi, maana matibabu ni sehemu ya ujira wetu. Lakini kabla katibu wa tawi hajashika kalamu, chama kina haki ya kuuliza: nyumba hiyo imekaguliwa na nani, lini, na ilionekanaje? Katika ukurasa huu tunaeleza ukaguzi wa namna hiyo ni kitu gani hapa kwetu Arua na Koboko, na wajumbe wa tawi wanaweza kuangalia nini kwa macho yao wenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Ndugu zetu walioko Uingereza wakisema nasingi homu wana maana ya nyumba wanamotunzwa wazee wasiojiweza. Nyumba za wazee ni chache Uganda. Moja inayojulikana sana ni ile ya Nalukolongo, Kampala, iliyoanzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978. Huku West Nile mzee hutunzwa na watoto wake na wajukuu, na nasingi homu ni hospitali ndogo ya mtu binafsi: vitanda vichache, chumba cha kuzalishia, dirisha la dawa mbele, na pengine maabara ya chumba kimoja nyuma. Hiyo ndiyo tunayoizungumzia.

Wako watakaosema, kwa nini tuhangaike na hizo wakati hospitali za serikali zipo? Ni kweli kwamba tangu mwaka 2001 malipo yaliondolewa katika hospitali na vituo vya serikali, isipokuwa katika vyumba vya kulipia. Lakini mfanyakazi aliyetoka zamu ya usiku anajua foleni ilivyo, na anajua habari ya kuambiwa akanunue dawa nje. Ndiyo maana nasingi homu hazikosi wateja.

Sasa sheria inasemaje? Mwaka 1996 zilitungwa sheria tatu zilizounda mabaraza matatu: moja la madaktari na madaktari wa meno, moja la wauguzi na wakunga, na moja la matabibu, watu wa maabara na wenzao. Mtu binafsi anayefungua nyumba ya matibabu lazima awe amesajiliwa na baraza lake, na nyumba yenyewe iwe na leseni inayotolewa upya kila mwaka. Dawa ziko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, nayo ina ofisi ya eneo la West Nile hapa Arua. Afisa mkuu wa afya wa wilaya naye ana watu wake wa kutembelea. Kwa hiyo wakaguzi wapo. Taabu ni kwamba mabaraza yako Kampala, safari ni ndefu, na mkaguzi akipita leo hukaa muda mrefu kabla hajaonekana tena. Katikati ya ziara mbili hizo mambo mengi hubadilika. Daktari ambaye jina lake limo katika leseni huenda kufanya kazi kwingine, na jina likabaki ukutani.

Jambo hilo la jina ukutani si dogo kwa mfanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema mwajiri alipe gharama za matibabu ya aliyeumia kazini, na aliyepata ulemavu kamili wa kudumu alipwe fidia ya mishahara ya miezi 60. Ulemavu usio kamili hulipwa kwa asilimia, na asilimia hiyo hupimwa na daktari aliyesajiliwa. Kadhalika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza, ila mwajiri anaweza kudai cheti cha daktari. Basi fikirini: mwenzetu amekatwa vidole viwili na mashine, akapelekwa nasingi homu ambayo daktari wake haonekani, akafungwa kidonda na msaidizi wa wauguzi, akapewa karatasi yenye muhuri mzuri lakini isiyo na sahihi ya mtu aliyesajiliwa. Siku ya kudai fidia, wakili wa mwajiri ataishika karatasi hiyo kwa ncha za vidole. Vidole vya mwenzetu vimekwenda, na haki yake nayo iko mashakani.

Kwa hiyo swali la kwanza la wajumbe ni hili: nani yuko zamu leo, na nani yuko zamu usiku? Vazi jeupe si ushahidi. Hati ya Haki za Wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009 inampa kila mgonjwa haki ya kujua jina na cheo cha anayemtibu. Ombeni kuona leseni ya mwaka huu, si ya mwaka uliopita, kisha mlinganishe majina yaliyomo na watu mliowakuta.

Swali la pili ni la daftari, na hapa tunaomba msomaji avumilie, maana sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko yote. Wengi wakienda kukagua huangalia rangi ya kuta na mashuka. Mashuka hufuliwa siku ya wageni. Daftari la mwaka mzima haliwezi kuandikwa upya kwa usiku mmoja bila kujulikana.

West Nile yenyewe ni shahidi wa jambo hili. Katika hospitali ya Kuluva, karibu na mji wa Arua, Daktari Ted Williams wa misheni aliandika habari za wagonjwa wake kwa uangalifu mkubwa: jina, umri, kijiji, tarehe ugonjwa ulipoanza. Kwa maandishi hayo, yeye na wataalamu wenzake walionyesha mwaka 1967 kwamba uvimbe wa Burkitt, ile saratani inayoharibu taya za watoto, ulikuwa ukitokea West Nile kwa mafungu, mahali fulani na wakati fulani, katika miaka ya 1961 hadi 1965. Dunia nzima ya madaktari ilisoma habari hiyo. Hospitali ya mashambani, wino na karatasi.

Na Gulu, mwezi wa Oktoba 2000, wauguzi wanafunzi wa hospitali ya Lacor walipoanza kufa kwa ugonjwa usiojulikana, Daktari Matthew Lukwiya alikaa usiku akisoma karatasi za wagonjwa mmoja mmoja. Humo ndimo alimoiona Ebola, kabla maabara haijathibitisha. Watu 425 waliugua katika mlipuko ule na 224 walikufa, miongoni mwao wauguzi kadhaa, na Daktari Lukwiya mwenyewe tarehe 5 Desemba 2000. Kama karatasi zile zisingeandikwa, angesoma nini?

Msidhani hayo ni ya mbali. Katikati ya mwaka 2019 mgonjwa wa Ebola alipatikana Ariwara, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Kongo, ambako watu wa Arua huenda sokoni na kurudi. Tauni nayo bado ni ugonjwa wa nchi hii, na mwaka 2006 ililipuka Arua na Nebbi. Nasingi homu isiyoandika mgonjwa katoka kijiji gani na aliletwa na homa ya siku ngapi haitajua jambo lolote mpaka muuguzi wake wa kwanza aanguke.

Lakini tahadhari. Mjumbe wa chama hana ruhusa ya kusoma siri za wagonjwa. Msiombe kusoma majina. Ombeni mwenye nyumba afunike safu ya majina, awaonyeshe tu kama daftari la wagonjwa, la uzazi na la dawa yanajazwa kila siku, kama sahihi zipo, kama vifo na wagonjwa waliopelekwa hospitali kubwa wameandikwa. Nyumba yenye wagonjwa wengi ambayo haijawahi kuandika kifo wala rufaa ama ina bahati ya ajabu, ama haiandiki.

Baada ya hapo tembeeni vyumbani. Kisanduku cha sindano zilizotumika kiwe kigumu, kisichotoboka, na kifungwe kikijaa robo tatu. Kikifurika, mfagiaji ndiye atakayechomwa, naye ni mfanyakazi kama sisi. Ulizeni taka hizo zinachomwa wapi na kondo za nyuma zinatupwa wapi, kisha mwende mpaone mahali penyewe nyuma ya jengo. Fungueni bomba la maji katika chumba cha kuzalishia. Kama maji ni ya jerikeni, jerikeni iwe imejaa na sabuni iwepo. Vifaa vya kushonea na kuzalishia vinachemshwa au kupikwa kwa mvuke wapi? Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku atawaonyesha bila kusitasita.

Jokofu lina habari yake hapa Arua. Chanjo, na ile dawa ya kuzuia damu baada ya kuzaa, huhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na 8 za joto. Miaka mingi umeme wa West Nile ulikuwa wa kubahatisha, na hata baada ya mtambo wa maji wa Nyagak kuanza kazi mwaka 2012 giza halikutuacha. Basi tazameni kama ndani ya jokofu mna kipimajoto, na kama kuna karatasi inayoandikwa nyuzi asubuhi na jioni. Ulizeni umeme ukikatika saa nane za usiku mkunga anashika taa gani. Mama anayetoka damu hawezi kungoja mafuta ya jenereta yakatafutwe. Na ulizeni gari au pikipiki ya kumpeleka hospitali ya rufaa ya Arua inalipwa na nani, ili mabishano hayo yaishe mchana, tungali tunacheka.

Wajumbe wasisahau kuzungumza na wauguzi wenyewe, bila bosi wao kusimama karibu. Wanafanya kazi saa ngapi? Wana glovu? Mshahara unakuja? Muuguzi aliyefanya zamu mbili mfululizo atakosea dawa hata akiwa mwema kama malaika. Sisi hatuendi huko kumtafuta muuguzi wa kulaumiwa. Mara nyingi kasoro unayoiona mikononi mwake imeanzia katika mfuko wa mwenye nyumba.

Uingereza, tangu mwaka 2009, tume moja hukagua hospitali na nyumba za wazee, na huzipa daraja nne, kutoka bora sana hadi isiyofaa. Tume hiyo ina kasoro zake, lakini tunataka kuazima kitu kimoja kwake: matokeo hutangazwa, na daraja hubandikwa mahali mgonjwa anapoweza kuliona. Hapa kwetu taarifa ya mkaguzi huishia ndani ya faili, na anayelala kitandani ndiye wa mwisho kujua.

Tuseme wazi pia kwamba sheria haikuwapa wajumbe wa chama mamlaka ya ukaguzi, na mwenye nasingi homu anaweza kuwafungia mlango. Nguvu yetu iko mahali pengine. Mwajiri ndiye mteja mkubwa, na mkataba wa pamoja ni wetu na mwajiri. Basi kifungu cha matibabu kiandikwe hivi: nyumba iwe na leseni ya mwaka huo, taarifa ya mwisho ya ukaguzi ionyeshwe kwa chama, wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke, waitembelee mara mbili kwa mwaka, na mfanyakazi aliyeumia kazini apelekwe kwa daktari aliyesajiliwa, hata ikibidi kwenda hospitali ya rufaa. Mwajiri akikataa vifungu hivyo, mwulizeni ni kipi kinachomgharimu. Vingi ni bure.

Mkikuta dawa zilizopita tarehe, habari iende ofisi ya Mamlaka ya Dawa. Mkikuta asiyesajiliwa anatibu, iende kwa afisa wa afya wa wilaya na kwa baraza linalohusika, kwa maandishi, yenye tarehe na majina ya walioona. Habari za ajali na fidia ziende kwa afisa wa kazi wa wilaya. Kila barua iandikwe nakala mbili, na nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, kisha ikae katika faili la tawi.