Uamuzi wa Shujaa katika Tanzia

Katika mafunzo ya fasihi, anguko la shujaa wa tanzia aghalabu huelezwa kuwa ni kazi ya majaliwa pekee. Matini zenyewe zakanusha. Katika tamthilia ya Sophocles, iliyotafsiriwa na S. S. Mushi kwa jina la *Mfalme Edipode* (1971), mfalme anasihiwa na mkewe aache kuchunguza asili yake, anakataa. Katika *Kinjeketile* (1969) ya Ebrahim Hussein, shujaa anateswa ili akane nguvu ya maji, ambayo mwenyewe ameshaitilia shaka. Naye anakataa, kwa kuwa neno hilo limekwisha kuwa la watu. Majaliwa, basi, hutega mtego tu. Uamuzi wa shujaa ndio uzaao tanzia, na ndio unaostahili kujadiliwa darasani.